Tarumbeta Kongwe Halinunuliwi kwa Kilo

Ninatafuta tarumbeta la kale la aina moja, na bado sijalipata. Wajerumani huliita Kuhlohorn, kwa jina la Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki 1941. Ni ndugu wa flugelhoni. Bomba lake huanza kutanuka mapema, limezungushwa kwa umbo la yai, na valvu zake ni zile za kuzunguka, tofauti na zile za kubonyeza kwenda chini zilizo kwenye matarumbeta tunayoyaona harusini. Sauti yake ni nene na laini, na ukiisikia kutoka chumba cha pili unaweza kudhani kuna mtu anaimba huku amefumba mdomo. Aliyeyatengeneza ni fundi Ernst David wa mji wa Bielefeld, kwa kufuata matakwa ya Kuhlo mwenyewe.

Ujerumani matarumbeta hayo bado yapo, na wapo wanaoyapuliza hadi leo. Mwenye fedha na subira atalipata lake. Mimi ninalolitaka ni lile lililokwisha kuishi kwetu, katika milima ya Usambara au kando ya ziwa kule Bukoba, likapita mikononi mwa watu ambao wajukuu wao wangali wanakaa palepale. Ndugu zangu wapenda muziki huniuliza kwa nini nijisumbue hivyo wakati chombo ni kilekile. Makala haya ni jibu langu kwao, na pia ni ombi kwa kila aliye na ufunguo wa stoo ya kanisa, ya shule au ya kambi ya zamani.

Bethel, pembeni mwa Bielefeld, ilianzishwa mwaka 1867 kuwahudumia wagonjwa wa kifafa. Kuhlo alihamia huko mwaka 1893 kuongoza Nazareth, nyumba ya mashemasi. Wakati huo Bethel ilikuwa imekwisha kuibeba misheni ya Afrika Mashariki. Wamisionari wa misheni hiyo walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891. Mwaka 1896 kilifunguliwa kituo cha Lutindi kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, kituo ambacho baadaye kilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na watumishi kutoka Bethel walihudumu pale. Mwaka 1907 misheni iliingia Rwanda, na 1910 Bukoba. Kwa hiyo mashemasi waliokuwa wakipanda meli kuja huku walitoka katika nyumba ambayo mkuu wake alikuwa mpulizaji mashuhuri kuliko wote katika Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Hapo ndipo matumaini yangu yalipojengwa. Shemasi aliyelelewa na Kuhlo angeacha mengi nyumbani, lakini sidhani kama angeiacha pembe yake.

Kuhlo alikuwa na msimamo ambao wapulizaji wetu wanaendelea kuuishi, wengi wao bila hata kulijua jina lake. Alitaka matarumbeta ya kanisa yaimbe. Hakuipenda ile sauti kali ya gwaride, ndiyo maana alizipenda pembe zenye bomba la kutanuka. Tena alitaka mpulizaji asome nota jinsi inavyosikika. Katika bendi za Kiingereza, anayepuliza korneti ya B bapa husoma nota iliyoandikwa juu kidogo ya sauti inayotoka, kwa hiyo kitabu chake ni tofauti na cha mpiga kinanda. Kwa utaratibu wa Kuhlo, kinanda, kwaya na matarumbeta hufungua kitabu kimoja, ukurasa mmoja. Kwa usharika wa kijijini wenye vitabu vichache, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kijana aliyefunzwa hivyo kanisani akiandikishwa katika bendi yenye mapokeo ya Kiingereza hulazimika kujifunza kusoma upya, vidole vyake vikibishana na macho.

Siandiki haya kumtukuza. Mwishoni mwa maisha yake Kuhlo aliwaunga mkono Wanazi, na doa hilo linastahili kutajwa kila jina lake linapotajwa. Chombo kilichoundwa kwa matakwa yake kilikwenda kwa watu wengi ambao hawakuwa na sehemu katika siasa zake, na historia ninayoifuatilia ni yao.

Mizizi ya matarumbeta ya kanisa nchini mwetu si ya Bethel peke yake. Wamoraviani walikuwa na vikundi vya tromboni kule Herrnhut tangu karne ya 18, na wamisionari wao walifika Rungwe mwaka huohuo wa 1891. Kwa Wamoraviani shaba ina kazi zake maalumu, kama kutangaza msiba na kuiamsha alfajiri ya Pasaka makaburini. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Leo ukienda kwenye sharika za KKKT au za Moraviani utakuta vikundi vya matarumbeta vyenye vijana wa kike na wa kiume, na siku ya kipaimara au ya mavuno wao ndio wanaotangulia. Wengine kati yao Jumamosi hupanda magari ya wazi na kuzunguka mjini mbele ya msafara wa harusi, wakitafuta riziki kwa pumzi ileile.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo naona halijathaminiwa inavyostahili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Katika miaka hiyo yote sharika za Usambara na kwingineko hazikufungwa. Walimu na wazee wa Kiafrika waliendesha ibada, walifundisha watoto, walizika wafu. Vita vya Pili vilipokuja, hali ikajirudia. Basi tarumbeta la Kijerumani lililovuka vipindi hivyo viwili na kufika kwetu leo, limefika kwa sababu mtu wa hapa alilificha darini, akalifunga kwa kitambaa, akakataa kuliuza. Lilitengenezwa na fundi wa Ujerumani, lakini aliyelinusuru ni mwalimu Mshambaa au Mhaya ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya jumba lolote la makumbusho. Kwangu mimi, nusu ya thamani ya chombo iko kwa mtu huyo.

Shaba ina balaa lake, kwamba haifi. Mbao zikioza zimeoza, lakini shaba huyeyushwa ikawa kitu kingine, na kila zama za dhiki huitazama kwa jicho hilo. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na kukosa sarafu, karakana ya Tabora iligonga heleri 20 za shaba, ambazo watoza sarafu wanazisaka mpaka leo. Siku hizi mizani imehamia kandokando ya barabara. Vijana wenye mikokoteni hupita wakiuliza kama kuna chuma chakavu, betri mbovu, masufuria, na shaba ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu bei yake iko juu. Siwalaumu vijana hao. Wanafanya kazi halali na ngumu. Ninaowalaumu ni sisi tunaosafisha stoo mwishoni mwa mwaka, tukakuta bomba lililobonyea lenye kutu ya kijani, tukalitupa nje bila kuligeuza kuona limeandikwa nini. Tarumbeta zima halifikii uzito wa kilo mbili. Kinacholipwa kwenye mizani hakitoshi hata kununua kidomo kipya cha kupulizia.

Wanamuziki wa beni nao wameporwa kwa njia hiyohiyo. Beni ilizaliwa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi bara, na vyama vyake vikubwa vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafuasi tangu miji ya pwani hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Zanzibar bado inapigwa, na harusi ya mjini ikiwa na beni watu hawalali. Hebu jaribu sasa kulitafuta tarumbeta moja lenye uhakika kwamba lilipigwa na Marini au Arinoti wakati wa Mjerumani. Nyimbo zinakumbukwa, mavazi yamo kwenye picha, lakini shaba yenyewe ilikwenda kiwandani.

Kwa hiyo mtu anayetaka kununua tarumbeta kongwe hapa kwetu anashindana na mizani. Akifika amechelewa, hakuna fundi wa kumrudishia. Akiwahi, aina nyingine ya kazi ndiyo inaanza, kazi ya kulisoma tarumbeta.

Kwanza tazama valvu. Za kuzunguka huelekeza Ujerumani, Austria au Bohemia. Za kubonyeza moja kwa moja huelekeza zaidi Uingereza na Ufaransa. Kisha tafuta chapa, ambayo mara nyingi iko kwenye mdomo mpana au kwenye ukanda wa madini meupe unaozunguka ukingo wake. Hapo usiwe na haraka ya kufurahi. Mji wa Markneukirchen, Saksonia, ulitengeneza vyombo vya muziki kwa wingi kiasi kwamba Marekani iliweka ubalozi mdogo huko kuanzia mwaka 1893 kwa ajili ya biashara hiyo, na wauzaji wa miji mingine waliagiza kutoka kule wakagonga majina yao wenyewe. Jina la duka, basi, si lazima liwe jina la fundi. Maneno yanayotaja kwamba chombo kimetengenezwa Ujerumani yalianza kuwa ya lazima kwa bidhaa zilizoingia Uingereza kutokana na sheria ya mwaka 1887, kwa hiyo yanasaidia kukisia umri. Chapa ya Weltklang, kwa upande mwingine, ni ya Ujerumani Mashariki, baada ya Vita vya Pili. Zanzibar iliitambua serikali hiyo mwaka 1964, kwa hiyo ukikuta pembe yenye valvu za kuzunguka visiwani usikimbilie kusema ni ya misheni ya zamani.

Baada ya chapa, chunguza mitambo. Valvu za zamani za Kijerumani hurudishwa na springi iliyojikunja ndani ya kikopo kidogo cha mviringo, kama ile ya saa ya mkono. Ukiikuta nzima, ifurahie, maana mafundi wengi wa baadaye waliing'oa wakaweka springi ya waya. Zungusha valvu kwa kidole bila kulazimisha. Ziba mwisho wa bomba na upulize taratibu usikie kama hewa inapenya pembeni. Valvu iliyolika ndani ni maradhi ya gharama, wakati kubonyea ni jeraha tu ambalo fundi mwenye vyuma sahihi hulinyoosha. Mulika tochi ndani ya bomba la mbele, lile lililo karibu na kidomo. Ukiona madoa ya waridi, zinki inaihama shaba na ukuta wa bomba unageuka kuwa mwepesi kama karatasi. Mate ya mpulizaji na unyevu wa pwani hufanya kazi hiyo kimyakimya kwa miaka mingi.

Niongeze jambo la popo, kwa kuwa sijaona watu wakilizingatia. Dari za makanisa ya zamani zina popo, na mkojo wao hutoa amonia. Wakati wa utawala wao India, Waingereza walishangaa kuona maganda ya risasi za shaba yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na yale yaliyotunzwa karibu na mazizi ya farasi ndiyo yaliyoathirika zaidi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kwamba amonia, ikikutana na shaba iliyokunjwa kwa nguvu, huipasua. Tarumbeta ni shaba iliyokunjwa kwa nguvu kila mahali. Usharika wenye pembe ya babu zao darini ungefanya vyema kuishusha leo.

Ushahidi mwingine hauko kwenye chombo kabisa. Uliza kama kuna kitabu cha zamani cha nyimbo. Wapulizaji wengi huandika namba za vidole juu ya nota kwa penseli, na anayejua utaratibu wa Kuhlo na ule wa Kiingereza atatambua kwa namba hizo mpulizaji alifunzwa wapi. Uliza mihutasari ya baraza la wazee na daftari la mapato na matumizi, maana mafuta ya valvu, nauli ya kwenda kulehemu, hata ugomvi wa nani abaki na tarumbeta baada ya kuoa, vyote huandikwa. Kumbukumbu za misheni ya Bethel zimehifadhiwa Wuppertal, Ujerumani, nazo zina nafasi yake, lakini daftari la Mlalo lina mambo ambayo Wuppertal hayajulikani.

Waingereza wametuonyesha namba inaweza kufanya nini. Kiwanda cha Boosey, kilichonunua biashara ya Henry Distin mwaka 1868 na kuungana na Hawkes mwaka 1930, kiliandika vyombo vyake kwenye madaftari kwa namba. Madaftari hayo, pamoja na mkusanyo wa vyombo vya kiwanda, yalichukuliwa na makumbusho ya Horniman, London, mwaka 2004. Mtu aliye na korneti ya zamani ya kampuni hiyo anaweza kuisoma namba iliyogongwa kwenye valvu na kuuliza ilitoka lini. Namba ikifutwa, korneti hubaki yatima.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wa kung'arisha. Mnunuzi mgeni hupenda kitu king'ae, na muuzaji humridhisha kwa kukipeleka kwenye mashine ya brashi. Ukuta wa mdomo mpana una unene wa takriban nusu milimita. Kila mara mashine inapopita, sehemu ya ukuta huo huenda na vumbi, na maandishi ndiyo ya kwanza kuondoka kwa kuwa hayana kina. Ukilipata tarumbeta jeusi, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, lipake mafuta kwenye valvu, uliache na weusi wake. Weusi huo haudhuru sauti hata kidogo, na chini yake maandishi yote bado yapo salama.

Kuna vyombo vingine vinavyohukumiwa bila kosa kwa sababu ya sauti. Uingereza ilitumia kwa muda mrefu kipimo cha juu, ambapo nota A ilikuwa na mitetemo takriban 452 kwa sekunde, wakati kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939 na kinachotumika leo ni 440. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya hatua iliyopo kati ya kitufe cheupe na cheusi cha kinanda. Bendi nyingi za shaba za Uingereza ziliendelea na kipimo cha juu hadi katikati ya miaka ya 1960. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921 na Tanganyika 1933, lilikuwa na kiwanda chake huko St Albans, nacho kilitengeneza vyombo kwa kipimo hichohicho. Kijana wa leo akilichukua tarumbeta la namna hiyo na kulipuliza pamoja na kinanda cha umeme, litapanda juu, watu watakunja uso, na mwalimu wa kwaya atasema limeharibika. Halijaharibika. Fundi stadi anaweza kuliongezea bomba la kushushia sauti, ingawa nota nyingine zitahitaji marekebisho ya mdomo. Au lipigwe na wenzake wa rika lake, nalo litatulia. Nimesikia vyombo vya namna hiyo vikitukanwa hadharani, na ilinichoma, kwa sababu baada ya kutukanwa hufuata mizani.

Sheria haitatuokoa hapa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Tarumbeta la Bielefeld la mwaka 1900 liko nje ya mstari huo, hata kama limeimba kwenye mazishi ya vizazi vinne. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza vitu vya kulindwa, lakini sitegemei mamlaka hayo yashuke hadi kwenye stoo ya usharika. Chombo cha namna hiyo, kisheria, ni mali ya kuuzwa kama kiti. Ndiyo maana dhamiri ya mnunuzi ina uzito mkubwa kuliko kawaida.

Na dhamiri hiyo ina mpaka mmoja usiovukwa. Katika jumba la makumbusho la Lamu kuna siwa mbili, ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ya Lamu iliyo ya shaba. Zote hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Wareno waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 walizikuta pembe za ndovu za namna hiyo, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa mbele ya mfalme. Siwa ilikuwa sauti ya mji. Ilipulizwa kwa ruhusa, na waungwana waliihitaji katika sherehe zao kubwa. Hakuna bei ya kitu kama hicho, na mtu akikutajia bei, aidha anakudanganya au ameiba. Nayasema haya kwa kuwa tamaa ya watoza vitu vya kale haina breki. Anayeanza na korneti ya jeshi anaweza kuishia kunong'onezana gizani kuhusu baragumu la ukoo fulani. Vyombo vilivyonunuliwa dukani na kusafirishwa kwa meli vinaweza kununuliwa tena. Vile ambavyo jamii nzima ilivipa mamlaka, hapana.

Tarumbeta la kanisani liko katikati ya hayo mawili, na hapo ndipo watu waungwana hukosea. Lilinunuliwa dukani, ni kweli. Lakini lilipofika usharikani lilitolewa sadaka, na aliyelitunza hakulitunza kama mali yake. Mzee mmoja wa kanisa akikuuzia nyuma ya jengo kwa sababu anahitaji ada ya mjukuu, shida yake ni ya kweli na ada ni ya haki, ila chombo si chake kuuza, wala si chako kununua. Msaidie ada, kisha urudi Jumapili uombe kikao na baraza. Najua wapo wanunuzi watakaosema mimi nawapandishia wengine bei. Sawa. Bei iliyojadiliwa mbele ya watu wenye chombo chao ndiyo bei halali, na ikipanda, imepanda kwa wanaostahili.

Pia naamini kwamba tarumbeta ambalo bado linapulizwa Jumapili halipaswi kuuzwa hata likiwa adimu kiasi gani. Mtoza vitu vya kale akilitamani, alihudumie hapohapo kwa kulipia fundi, kununua mafuta na kushona mfuko wa kulibebea. Kuning'iniza ukutani kitu kinachofanya kazi, kwa sababu tu mtu ana fedha, ni kukinyima pumzi bure. Na nisingependa pia chombo cha zaidi ya miaka mia kirushwe juu ya gari la wazi katika mvua ya Machi ili kusindikiza harusi. Kwa kazi hiyo yapo matarumbeta mapya, na vijana wanastahili kupewa yaliyo bora kuliko yale ya bei ya chini yanayolegea viungo baada ya misimu michache.

Basi nieleze wazi ninachotoa. Kama kuna usharika wenye pembe ya umbo la yai, yenye valvu tatu za kuzunguka, hasa ikiwa chapa yake inataja Bielefeld, na imelala tu kwa kuwa hakuna wa kuipuliza, niko tayari kuinunua. Kikundi kitapata flugelhoni mpya pamoja na fedha tutakayokubaliana. Picha za chombo, namba zake na vipimo vyake vitaachwa katika ofisi ya usharika. Majina yote ya waliokipuliza, kwa kadiri wazee wanavyoyakumbuka, yataandikwa kwenye karatasi mbili, moja ibaki usharikani na nyingine ikae ndani ya sanduku la chombo popote kitakapokwenda. Usharika ukikitaka tena siku yoyote, utauziwa kabla ya mtu mwingine, kwa bei ileile. Barua ipitie kwa mchungaji na katibu wa baraza, na siku ya mazungumzo wapulizaji wa sasa wawepo, vijana kwa wazee, tarumbeta likiwa mezani.